Cherehani Iliyopanda Kobe

Jumanne saa nne asubuhi, cherehani ya Nusura ilianza kushona mistari miwili.

Ilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, ya zamani, yenye sindano moja na uzi mmoja. Sindano moja haishoni mistari miwili, hilo halihitaji fundi kulieleza. Lakini Nusura alipolivuta gauni la harusi la bintiye kutoka chini ya sindano, alikuta mshono umekwenda sambamba, mistari miwili iliyoachana kwa vidole vitatu, na katikati yake vijishono vifupi vya kukatiza, kimoja baada ya kingine hadi mwisho wa kitambaa.

"Umezeeka, mama," aliiambia cherehani, akachukua wembe, akafumua.

Akashona tena, ikatoka vile vile. Mara ya tatu akaitia mafuta, akaifunika kwa kanga, akaenda kuosha mchele. Hofu ilikuwa haijamwingia. Cherehani ile ilikuwa ya marehemu mama yake, Rukiah, na ndiyo iliyomlisha tangu akiwa mtoto, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuiogopa.

Katika nyumba hiyo ya Nakawa, nyuma ya soko, kisa cha cherehani kilijulikana kuliko majina ya majirani. Kila Idi, sahani zikishaondolewa, baba yake Nusura, Mzee Abdul-Karim, alijipangusa ndevu akaanza. Katika vita vya mwaka wa sabini na tisa alikuwa askari kijana, dereva wa kigari cha deraya kidogo, sanduku la chuma lisilo na paa, linalotembea kwa minyororo badala ya magurudumu. Askari walikiita Kobe. Kobe hakuwa na mzinga. Kazi yake ilikuwa kupeleka risasi mbele na kurudisha majeruhi nyuma. Jeshi lilipovunjika na kila mtu akakimbilia kaskazini, Abdul-Karim alipitia kwake Bombo, akampakia mkewe, akampakia Nusura aliyekuwa mtoto wa mwaka mmoja, akapakia na cherehani, akavuka nao mto salama.

"Na majeruhi, Babu?" wajukuu waliuliza.

"Walikuwa watatu. Wote walishakufa. Niliwalaza kando ya barabara kwa heshima."

Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya heshima, lakini hakuna Idi aliposahau kuitaja. Mtu anayekutolea neno ambalo hujamwomba, mtazame vizuri.

Sasa, Jumatatu, siku moja kabla ya cherehani kuharibika, lori lilishusha mzigo katika karakana ya Fadhul, mume wa Nusura, iliyoshikana na nyumba yao kwa ukuta mmoja. Mzigo wenyewe, kigari cha chuma cha minyororo, ulitoka porini kaskazini, ng'ambo ya Karuma, ulikolala miaka zaidi ya arobaini. Jean-Pierre, Mkongo mwenye baa Kabalagala, alitaka ukwanguliwe kutu, upakwe rangi nyekundu na kuwekwa mlangoni pake, wateja wakae ndani wapigwe picha. Injini haikuwemo. Mahali pake palikuwa na kichuguu kikavu.

Aliyekwangua kutu ni Filda, fundi rangi wa karakana, Mwacholi, binti wa askari polisi aliyekulia kambi ya Naguru. Brashi yake ilifika ubavuni kwa ndani, akaona herufi zilizochimbwa kwa ncha ya kisu: RUKIAH.

"Mama Sumayiya," alimwita Nusura, "kuja uone. Jina ya mama yako iko huku."

Nyumba nzima ilimiminika. Fadhul alicheka hadi machozi. Sumayiya, binti yao wa miaka ishirini na mmoja, ambaye harusi yake ilibakiza siku kumi na mbili, aliruka ndani ya sanduku, akakaa kitako mahali pa majeruhi na kunyoosha miguu ili picha itoke vizuri. Mzee peke yake hakutoka. Alisema kupitia dirishani, bila kufungua pazia.

"Fadhul. Kata hiyo chuma. Leo."

"Mzee, hii ni mali ya mutu. Siwezi kata."

"Basi ondoa mutoto ndani."

Walidhani ni uzee. Sumayiya alishuka akicheka, akapangusa sketi.

Jumanne ndiyo hiyo ya mistari miwili. Baada ya adhuhuri, Nusura akiwa jikoni, alisikia harufu ya ayodini, kali, ile dawa ya vidonda ya zamani, na nyuma yake harufu ya petroli, na chini ya hizo mbili harufu ya tatu, ya damu, ambayo kila mwanamke aliyezaa anaijua. Aliifuata hadi chumbani kwa bintiye. Sumayiya alikuwa amekaa kitandani, ameishika miguu yake kwa mikono miwili, anaitazama.

"Mama," alisema polepole, "sisikii miguu."

Hospitali walimpiga picha za mgongo, wakamdunga sindano nyayoni, wakaandika karatasi nne zisizosema kitu. Wanubi, kabila lao, hawana harusi bila ngoma ya doluka, na bibi arusi asipocheza, wageni hurudi nyumbani na maneno badala ya furaha. Lakini Nusura hakuwa akiiwazia ngoma tena. Aliukumbuka usiku aliomzaa. Mtoto huyu alikuwa mmoja tu, hakupata mwingine. Alichotaka ni kumwona akisimama.

Ijumaa walimwita sheikh wa mtaa, mtu mpole mwenye miwani. Alifukiza ubani na udi, akamsomea msichana maji, akamsomea na mafuta. Alipofika katikati ya kisomo Sumayiya alifumbua macho, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanaume, ya chini, yenye adabu ya kijeshi.

"Dereva iko wapi?"

"Wewe jini, jina lako nani?" sheikh aliuliza.

"Mimi si jini. Mimi ni mugonjwa. Dereva alisema tunaenda hospitali."

Nyuma ya mlango Mzee Abdul-Karim, aliyekuwa akisikiliza, aliangusha tasbihi yake. Sheikh aliendelea kusoma hadi sauti ikanyamaza, akatoka akiwaambia jini limetoka, na kweli vidole vya mguu wa kulia vya Sumayiya vilitikisika mara mbili. Watu walishukuru. Kabla ya alasiri, cherehani ilianza kwenda yenyewe. Kanga iliyoifunika ilidondoka, kanyagio likapanda na kushuka bila mguu juu yake, na sauti iliyotoka haikuwa ya kushona, ilikuwa ya chuma kikiburutwa juu ya changarawe, kwa-ra, kwa-ra, kwa-ra. La kuvunda halina ubani.

Filda alisimama mlangoni na brashi mkononi. Hakushangaa, na jambo hilo lilimtisha Nusura kuliko sauti.

"Mama Sumayiya, nisikie bila kukasirika," alinong'ona. "Nyinyi munafukuza jini. Hii si jini. Kwetu tunaita cen. Ni mutu alikufa vibaya, na aliyemfanyia iko hai. Jini unaweza fukuza. Mutu hufukuzi. Mutu unamuuliza anataka nini."

"Na tutamuulizaje?"

"Kwetu aliyetoka mbali, aliyetoka vita, haingii nyumba mpaka akanyage yai. Yai ikivunjika, mambo ya huko imeisha. Huyu Kobe ametoka vita akaingia tu."

Fadhul alinung'unika kwamba yeye ni Mwislamu, mambo ya mayai hayajui. Nusura alimtazama mara moja tu, naye akaenda kutafuta waya wa kumvutia Kobe.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wingu zito likiwa limekaa juu ya mji mpaka karakana ikahitaji taa, Filda aliweka yai bichi mbele ya mnyororo wa kulia wa Kobe. Yai lilitakiwa kulala juu ya tawi la opobo, mti wenye utelezi, lakini soko la Nakawa haliuzi opobo, kwa hiyo alikata bamia akazipanga chini yake. Sumayiya alikalishwa kwenye kiti barazani, mbele ya mlango mdogo wa ukuta wa karakana, blanketi miguuni. Mzee alikalishwa kando yake. Hakutaka kuja, Nusura ndiye aliyemshika mkono.

Fadhul aliwasha pikapu, waya ukakaza, na Kobe akasogea. Chuma kilikwaruza sakafu. Mnyororo ulipanda juu ya bamia, zikapondeka zikatoa maji, ukapanda juu ya yai, tani tatu za chuma, pingili kwa pingili, polepole, wote wakiutazama, ukapita.

Yai lilikuwa zima.

Filda aliliokota, akaligeuza, akalirudisha chini kwa vidole viwili.

"Kuna neno halijasemwa," alisema.

Hapo ndipo Sumayiya alipomgeukia babu yake, kichwa tu, mwili ukiwa umetulia, na ile sauti ya adabu ikatoka katika midomo yake iliyopakwa vaselini asubuhi na mama yake.

"Dereva. Habari ya siku nyingi."

Mzee alianza kusoma audhubillahi, akakwama njiani.

"Dereva, ambia watu. Cherehani iko na miguu ngapi?"

Mvua ya kwanza ilianza kugonga mabati.

"Iko na miguu nne," sauti ilisema. "Mimi nilibaki na moja. Sasa nani alikuwa anahitaji kubebwa?"

"Baba," Nusura alisema, "huyu ni nani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya mzee huyu yalifichwa miaka arobaini na zaidi. Alisema akiitazama mikono yake.

"Anaitwa Ocira. Tulikula sahani moja miaka miwili. Wale wawili walikufa, hiyo ni kweli, Wallahi. Yeye alikuwa hai. Mahali ya mama yako ilikuwako, na yako wewe, hata na yeye mungeenea. Ila cherehani haikuenea. Na mimi nilikuwa nimeahidi mama yako cherehani haitabaki, ndiyo kitu ya kwanza nilinunua na mushahara yangu. Nilimushusha kabla ya kufika Bombo, ili mama yako asione. Nilikunja koti chini ya kichwa yake. Nilimuachia maji kwa mukebe."

"Malizia," sauti ilisema.

"Nimemaliza."

"Malizia, dereva."

Mvua ilizidi. Mzee alilia, na kilio cha mwanaume wa miaka sabini mbele ya binti yake ni kitu kibaya kukitazama, lakini Nusura alikitazama, kwa sababu alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo, hasira ya kula chakula miaka yote ukaambiwa mwishoni kimetoka wapi.

"Aliburuta mwili," Mzee alisema. "Alishika munyororo na mikono miwili. Alisema, Abdul-Karim, usiniache. Nilimuambia aachilie. Hakuachilia. Nilitia gia."

Filda alijifunika uso kwa viganja. Fadhul alikaa chini palepale kwenye mafuta.

"Asante," sauti ilisema. "Sasa rudisha mahali yangu. Kila kitu iliingia pale, irudi pale."

Cherehani ilibebwa na Fadhul na wafanyakazi wawili, ikawekwa ndani ya Kobe. Mzee alisimama mwenyewe. Nusura alinyoosha mkono kumzuia na mkono ukabaki hewani, kwani kushoto kulikuwa na baba yake na kulia kulikuwa na mwanawe, na mtu ana moyo mmoja. Mzee alipanda, akakaa kitako mahali pale pale alipokaa mjukuu wake, akanyoosha miguu.

Kilichofuata walikisikia zaidi ya kukiona, kwa kuwa taa ilizimika na mvua ikaanguka kwa namna ambayo ukinyoosha kiganja hukioni, na katikati ya mvua hiyo, ndani ya chuma kisicho na injini, chenye kichuguu mahali pa injini, kitu kilikohoa mara moja, kikakohoa tena, kikashika, kikaunguruma, harufu ya petroli ikawajaa midomoni, na minyororo ikaanza, kwa-ra, kwa-ra, kwa-ra, ikapita mbele yao karibu mno hata tope likamrukia Nusura usoni, ikatoka getini, ikafuata njia ya nyuma ya maghala, ikaenda, ikaenda, na katika kwenda huko walisikia sauti ya mzee wao ikimwambia mtu, kwa upole, kama mtu anayemsihi ndugu, "Ocira, hapa panatosha, Ocira, mbona mbali," halafu wakasikia gia ikiingia.

Mvua ilikatika ghafla. Taa ikarudi. Kobe alikuwa mahali pake, waya ukiwa bado umefungwa kwenye pikapu, na cherehani ndani yake. Mzee hakuwemo. Yai lilikuwa limevunjika, kiini kimesambaa juu ya bamia.

"Mama," alisema Sumayiya kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa amesimama.

Walifuata alama za minyororo katika tope, mistari miwili yenye vikato katikati, hadi kwenye mtaro nyuma ya maghala. Mzee Abdul-Karim alikuwa amelazwa kando ya njia, chali, koti lake limekunjwa vizuri chini ya kichwa, na karibu na mkono wake mkebe wa maji. Alikuwa hai. Miguu yake ilikuwepo, mizima, bila hata mchubuko, lakini haikuwa yake tena.

"Alinishusha kwa heshima," aliwaambia.

Filda alimvuta Nusura kando kabla ya kwenda zake.

"Lori itakuja Jumatatu, Kobe arudi huko alikotoka, yeye na cherehani. Kilichopanda kisishuke, Mama Sumayiya. Umenisikia? Kisishuke."

"Nimesikia," Nusura alisema.

Na alisikia kweli. Lakini Jumapili, karakana ikiwa imefungwa na Fadhul amekwenda kumweleza Jean-Pierre kwa nini baa yake haitapata pambo, Nusura alisimama mbele ya Kobe akaitazama cherehani ya mama yake ingali imeloa mvua ya jana. Mama yake alikufa mkono wake ukiwa juu ya chuma kile. Gauni la Sumayiya lilikuwa nusu, na mashine nyingine zote alizowahi kushonea zilimchafulia kazi. Tena aliona uchungu. Baba ametoa miguu, alijiambia. Huyu mtu anataka nini zaidi? Cherehani ilifanya kosa gani? Alimwita Sumayiya, wakaishika huku na huku, wakaishusha. Mahali pake aliweka meza mbovu ya kukatia vitambaa, yenye miguu ya chuma, akaifunika kwa turubai na kuikaza kamba. Jumatatu lori lilikuja, Filda alitazama turubai, akahesabu miguu minne ya chuma iliyochungulia chini yake, akaridhika. Kobe akaenda.

Siku tatu nyumba ilitulia. Sumayiya alifanya mazoezi ya doluka sebuleni, visigino vikigonga sakafu, na Nusura akisikia mlio huo alitabasamu peke yake. Alhamisi saa nne asubuhi aliketi kumalizia pindo la gauni.

"Nusura," baba yake aliita kutoka chumbani, alikolala akitazama dari. "Unashona na nini?"

"Na mashine ya jirani, Baba. Nimeazima."

Mzee aligeuza uso upande wa pazia.

"Hata mimi nilimjibu mama yako namna hiyo," Mzee alisema. "Aliuliza koti yangu iko wapi. Nilisema nimeazimisha mutu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nusura ilikuwa na urefu wa pindo moja. Harufu ya ayodini ilimfikia kabla hajageuka. Alitazama chini ya sindano: mistari miwili, sambamba, na vikato katikati, ikienda juu ya kitambaa cheupe. Sebuleni visigino vya Sumayiya vilikuwa bado vinagonga, vizima, na kwa hilo alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha aliamua kusimama, aitupe cherehani nje, aipeleke Karuma mwenyewe kichwani ikibidi.

Aliiambia miguu yake isimame. Ilikuwa juu ya kanyagio, aliiona, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na si yeye aliyekuwa akiikanyagisha.

"Baba," aliita, "sisikii miguu."

"Najua," alisema baba yake. "Muulize atakushusha wapi."